Nilivyoingia Ukweni na Chavua Mdomoni

Kuna nyumba moja kule Muleba ambayo mpaka leo nikiingia, watu wanaacha mazungumzo yao wananitazama mdomo, wahakikishe kwanza hauna kitu ndani, ndipo wanikaribishe kiti. Najua wengine mmeshasikia vipande vya habari hii kutoka kwa shangazi yangu, ambaye huisimulia vibaya na kujiondoa yeye mwenyewe kabisa, kwa hiyo leo naisimulia mimi, aibu na vyote, maana kama ni kuchekwa basi nichekwe kwa jambo lililotokea kweli.

Mnanijua. Mimi ni Novati wa Rwamishenye, mwenye duka la misumari na mabati, na kuongea nimejaliwa. Sisemi kwa kujisifu (haya, kidogo najisifu, watu wa mikoa mingine si wanatuita nshomile, wasomi wa kujisifu, basi acha niwe nshomile kamili), lakini hakuna kikao cha ukoo, kipaimara wala msiba ambapo hawajanisimamisha niseme. Kwa hiyo mdogo wangu Jasoni alipompata mchumba kule Muleba, binti anayeitwa Adventina, hakuna aliyeuliza mshenga atakuwa nani. Jasoni ni mtu wa maneno machache mno, ukimsalimia anakujibu na kazi yake ya siku nzima imeisha, na alinifuata dukani akaniambia sentensi moja tu: "Kaka, huyu binti nikimkosa sitaoa mwingine." Nikamwambia mdogo wangu, wewe nenda kalale, hiyo kazi imekwisha.

Tatizo lilikuwa pua.

Mimi nina aleji ya maua. Kahawa zikichanua, yale maua meupe ambayo watu wengine wanayasifia harufu yake, mimi macho yanawasha, pua inakuwa bomba lililopasuka, napiga chafya mpaka mbavu zinauma. Mke wangu, Mama Koku, husema hajawahi kuona Mhaya anayefukuzwa na kahawa kwenye kibanja chake mwenyewe. Vidonge vipo na vinanisaidia, sikatai, ila vinanilaza. Kuna mwaka nilimeza kimoja nikaenda kikao cha wazazi shuleni, nikalala mbele ya mwalimu mkuu huku nimeshika kipaza sauti. Na siku ya ukweni ilipangwa ikaangukia katikati kabisa ya msimu wa maua, na mshenga hawezi kusinzia.

Ndipo rafiki yangu Sospeter, tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anafuga nyuki kule Ngenge, akaniletea pakiti ya chavua. Ni ule unga wa maua ambao nyuki wanabeba miguuni, wafugaji wanauvuna mlangoni mwa mzinga, unakauka unakuwa punje ndogo za njano na za rangi ya machungwa, ukizitazama unaweza kudhani ni chakula cha vifaranga. Akasema wapo wateja wake wenye shida kama yangu wanaokula kidogo kidogo, mwili unazoea maua, chafya zinapungua. "Lakini sikuhakikishii," akasema, "na uanze na punje moja, mbili, wiki kadhaa kabla, uone mwili unasemaje. Ukiona unawashwa, acha. Na uzitafune taratibu, usichanganye na kitu kingine."

Nilisikia vizuri kabisa. Nikaiweka pakiti juu ya friji, nikaisahau.

Asubuhi ya safari nikaiona. Mama Koku akaniona nikiiona. "Hujaijaribu hiyo kitu," akasema, "leo siyo siku ya majaribio. Meza nusu kidonge." Nikamwambia nusu kidonge ni nusu usingizi, na mimi nahitaji akili nzima. Nikaitia pakiti mfuko wa koti. Huo ndio uamuzi wangu mdogo, ndugu zangu, mengine yote yaliyofuata yalitoka kwenye huo mfuko.

Tuliondoka na gari la kukodi, wazee wawili wa ukoo, shangazi yetu Ma Paskazia, Jasoni na mimi. Kila tulipopita kwenye vibanja kahawa zilikuwa zimechanua hadi barabarani, nikafunga vioo, nikafunga pua kwa leso, haikusaidia. Nilipiga chafya tangu tunatoka Bukoba mpaka tunakiona kisiwa cha Bumbire kule ziwani. Shangazi akanitazama akasema, "Novati, ukienda kuwapigia watu chafya usoni mimi nitasema sikujui." Jasoni alikuwa anakunja na kukunjua vidole vyake tu, na ndipo nikamwonea huruma, nikasema hapana, huyu kijana hawezi kumkosa mke kwa ajili ya pua yangu.

Tulipofika, wakati wengine wanajipanga waingie kwa heshima, mimi nikajibanza nyuma ya mgomba, nikatoa pakiti. Sospeter alisema punje moja, mbili. Lakini Sospeter hakuwa na ukweni wa kwenda siku hiyo. Nikajiambia kama punje moja inasaidia baada ya wiki kadhaa, basi kiganja kizima kitasaidia leo (hiyo hesabu niliipiga mimi, mtu mwenye duka). Nikajaza kiganja, nikatupia mdomoni, nikaanza kutafuna jinsi sisi tunavyotafuna buni za kahawa, tangu utoto sisi kitu chochote cha punje tunakitafuna hivyo, kwa raha, unakiviringisha upande huu na upande ule. Kumbe chavua siyo buni. Ikilowa inakuwa nzito kama tope la kufinyangia, inashika meno, inashika ulimi, inapanda mpaka kwenye kaakaa. Na pale mlangoni sauti ikasema, "Karibuni, waitu, piteni ndani," na anayetangulia ni mshenga.

Nikaingia na mdomo umejaa.

Sasa wale ambao siyo wa kwetu niwaambie jambo moja. Nyumbani kwa Mhaya wa zamani, kabla hujafungua mazungumzo yoyote yenye maana, mwenye nyumba analeta akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, kwenye kikapu kidogo. Anachukua yeye kwanza, anatafuna mbele yenu, muone kwa macho kwamba hazina kitu. Halafu anampa mkubwa wa wageni. Na mgeni anachukua, hata kama ana jino linalouma, hata kama ametoka kula, anachukua angalau moja. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unamdhania mabaya, kwamba umeogopa kufa mkononi mwake. Hilo nalijua kuliko ninavyojua njia ya dukani kwangu. Nimewahi hata kuwafundisha wengine.

Baba wa binti, Ta Rwechungura, mzee mrefu, kanzu nyeupe iliyonyooka na koti jeusi juu, akachukua buni yake akatafuna, akanisogezea kikapu kwa mikono miwili. Na mimi, kwa kuwa nimeambiwa nisichanganye, na kwa kuwa hata mlango wa kuingiza kitu kingine haukuwepo, nikafanya hivi kwa kiganja. Kama mtu anayekataa kuongezewa mchuzi.

Nikasikia kuku wanatembea uani.

Kwenye mkeka alikuwa amekaa mama yake Ta Rwechungura, Ma Veneranda, bibi mzee sana, mwembamba, macho makali. Akauliza polepole, bila kumtazama mtu, "Huyo mgeni anatafuna nini?"

Nikajitahidi kutafuna bila kuonekana.

"Naona anatafuna," akasema tena. "Amekuja na vyake mfukoni?"

Shangazi akajaribu kuokoa, akasema nina kifua. Ta Rwechungura bado ameshika kikapu kwa mikono miwili, hakukirudisha, hakukisogeza, na uso wake ulikuwa unabadilika taratibu. Nikamtazama Jasoni, nikaona mdogo wangu ameanza tena kukunja na kukunjua vidole. Nikameza. Ule mzigo wote nikaumeza kwa mkupuo mmoja, machozi yakanitoka, nikasimama, na kwa kuwa mimi ni mimi, badala ya kuomba radhi kwa neno moja nikaanza kutoa somo. Nikaeleza chavua, nikaeleza nyuki, miguu ya nyuki, Ngenge, faida za mwilini, nikatoa pakiti nikaizungusha waione, nikamaliza kwa kusema ni dawa safi kabisa haina madhara yoyote.

"Kwa hiyo ya mfukoni ndiyo safi," akasema Ma Veneranda.

Hapo nikaona shimo nililochimba. Nikapiga magoti mbele ya mzee, mbele ya watu wote, nikachukua buni siyo moja, nikachota, nikatafuna kwa sauti, nikaomba rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapewa kwenye kibuyu, nikanywa mpaka nikasikia watu wanacheka. Ta Rwechungura naye akacheka kidogo. Wakaniambia nikae. Nikaona nimeshinda, na nikaanza hotuba yangu, na wallahi ilikuwa inakwenda vizuri, nimeshataja ukoo, nimeshataja babu, hata pua ilikuwa imekauka kabisa, nikajisemea Sospeter ni daktari.

Halafu masikio yakaanza kuwasha kwa ndani.

Nikaendelea kusema. Midomo ikaanza kuwa mizito, nikadhani ni rubisi. Shingo ikawasha, nikajikuna huku nasifia malezi ya binti yao. Nikaona watu wa mbele wanainamisha vichwa kunitazama vizuri, na mtoto mmoja akaondolewa chumbani. Nikapandisha sauti. Na hapo ndipo chafya zote nilizokuwa nimezibakiza tangu asubuhi zikaja pamoja, sikuwahi hata kushika leso, na Ta Rwechungura alikuwa amesogea karibu anisikie. Kanzu ile nyeupe ikajaa vitone vya njano kuanzia kifuani mpaka magotini.

Angekasirika kwa kanzu ningeshukuru. Hakuitazama hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, kwa hofu, maana jicho langu moja lilikuwa limeshafunga, la pili linafuata, na mdomo wangu wa chini ulikuwa umevimba hata nauona mwenyewe bila kioo. Nimetoka kutafuna buni zake. Nimetoka kunywa rubisi yake.

Shangazi akasimama. "Mmempa nini?" akasema. "Aliingia hapa mzima. Mmempa nini mtoto wa kaka yangu?"

Neno lenyewe hakulitaja, hakuwa na haja. Wazee wetu wawili wakasimama. Vijana wa pale nyumbani nao wakasimama. Ta Rwechungura alibaki ameketi, anasema, "Nilitafuna mimi kwanza, mmeniona, nilitafuna mimi kwanza," anarudia tu, mzee mzima, na nyuma ya pazia nikasikia Adventina anaanza kulia.

Niwaambie ukweli wa moyo wangu wakati ule. Niliogopa, kwanza kwa sababu koo lilikuwa linabana na sijui mwisho wake. Lakini pia nilikuwa na njia rahisi. Ningeweza kulegea tu nikaanguka, nikatolewa nje nimebebwa, maskini Novati, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba nimejivimbisha mwenyewe kwa ujuaji. Heshima yangu ingebaki. Ila neno lile likitoka kwenye mlango ule halirudi, lingekaa juu ya nyumba ile mpaka kwa wajukuu, kila mgeni angekataa kahawa yao, na Jasoni na Adventina ndiyo basi tena. Nikamwona mdogo wangu amesimama katikati, hajui aende upande gani, kwetu au kwao.

Nikapiga meza. Nikachomoa pakiti, nikaimwaga yote juu ya meza wazione zile punje, nikajipiga kifuani, na kwa ule mdomo uliokuwa umevimba kama sambusa nikasema, neno moja moja, "Ni mimi. Nilikula hii. Nje, nyuma ya mgomba. Niliambiwa punje mbili, nikala kiganja. Shangazi, kaa chini." Maneno yalitoka yamepondeka pondeka lakini waliyaelewa, maana Ma Veneranda aliyarudia yote kwa sauti ili na waliokuwa uani wasikie. Aliyarudia polepole. Hata lile la mgomba.

Kisha pumzi ikaanza kukatika, wakanitoa.

Nilipelekwa zahanati kwa bodaboda, dereva mbele, mimi katikati, na nyuma yangu amenishika kiunoni Ta Rwechungura mwenyewe na kanzu yake ya vitone, alikataa nipelekwe na mtu mwingine. Njia nzima anasema sikioni mwangu, "Usife, kijana. Ukifia kwangu, sina pa kuishi tena." Nami nilitaka kumjibu kwamba sifi, ila nilikuwa sina uhakika.

Nesi akanichoma sindano haraka haraka, na nilipoanza kupumua vizuri akauliza nimekula nini. Mzee akamweleza. Nesi akanitazama lile jicho lililokuwa linafunguka, akasema, "Yaani maua ndiyo yanakupiga chafya, wewe ukaenda ukayala?" Nikasema ndiyo. Akasema kuna watu koo linafunga kabisa, kwamba ningechelewa kidogo wangenirudisha kwetu nimelazwa kwenye jeneza, na kwamba mwenye aleji asijaribu kitu kama kile bila kumuuliza mganga kwanza. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Tulirudi jioni jua likiwa linaelekea kuzama. Njiani nilikuwa napanga hotuba mpya ya kuomba msamaha, ndefu, nzuri sana, nilishapata na pa kuanzia. Tulipoingia nikakuta watu wanakula. Shangazi yuko jikoni na wanawake wa pale, anamenya ndizi kwa bidii, hainui macho (hiyo sehemu haisimulii, muulizeni). Na Jasoni amekaa kwenye mkeka karibu na bibi.

Kumbe tulipoondoka, Ma Veneranda alisema mshenga amekwenda kuchomwa sindano, basi mwenye haja aseme mwenyewe. Jambo hilo halifanyiki, muoaji hasemi, lakini nani ambishie yule bibi. Jasoni akasimama. Wazee wetu wanasema alikaa kimya muda mrefu mpaka wakaanza kujuta, halafu akasema, "Nampenda. Na kaka yangu ni mjinga ila siyo mwongo." Akakaa. Basi. Mambo yote niliyoyaandaa tangu mwezi uliopita, babu, ukoo, malezi, yalimalizwa na mtu asiyejua kuongea.

Bibi akaniita nikae mbele yake. Akaushika uso wangu kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku jinsi wanavyokagua papai sokoni. "Ulipokuwa unaongea vizuri sikukuamini hata kidogo," akasema. "Ulipovimba ndipo nikakusikia. Ungenyamaza wewe, sisi leo tungekuwa tumezikwa tukiwa hai. Mtoto tumewapa." Halafu akanyoosha kikapu cha akamwani, na nikachukua moja, na sioni haya kusema kwamba nililia pale pale mbele ya wakwe, kwa lile jicho lililokuwa limefunguka.

Walifunga ndoa, wanaishi, wana mtoto. Kwenye harusi waliniweka kiti cha nyuma na aliyeusemea ukoo alikuwa mjomba mmoja asiye na ladha yoyote, nami nikamsikiliza mpaka mwisho bila kusahihisha hata neno, muulizeni Mama Koku.

Siku hizi kahawa zikichanua nameza kidonge changu kizima, nalala mchana mchana, nafunga duka, na mtu akiniletea kazi ya kusema msimu huo namwambia atafute mwingine au asubiri maua yadondoke. Na ikinilazimu kabisa kwenda kwa watu naenda na pua yangu ilivyo, na mdomo mtupu. Chafya ikija, nageukia mlangoni napiga. Watu watasema afya, mambo yataendelea, kwa maana sijasikia bado nyumba iliyovunjika kwa chafya, ila naijua moja iliyonusurika kuvunjwa na mtu aliyekuwa anazuia chafya.